Alexandre Le Roy na Urithi wa Nyumba za Kilimanjaro

Katika nyumba nyingi za Wakristo wa miteremko ya Kilimanjaro vimo vitu visivyo na bei sokoni, wala havitupwi: rozari ya bibi iliyochakaa, msalaba wa mbao ambao babu aliutundika ukutani, kitabu cha sala ambacho jalada lake limeshonwa kwa uzi. Mtoto akiuliza vilitoka wapi, mara nyingi huambiwa kwamba vilikuwapo tangu zamani. Jibu hilo halitoshi. Imani ya nyumba hizi ina mwanzo unaojulikana, na miongoni mwa walioushuhudia mwanzo huo yumo Alexandre Le Roy, ambaye habari zake zafaa kujulikana na kila mzazi wa Moshi.

Le Roy alizaliwa mwaka 1854 katika kijiji cha Saint-Senier-de-Beuvron, Normandy, nchini Ufaransa. Akaingia Shirika la Roho Mtakatifu, akapata upadre mwaka 1876, na mwaka 1881 akafika Bagamoyo. Misioni ya Bagamoyo ilikuwa imeanzishwa mwaka 1868, na wengi wa Wakristo wake wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Watoto hao walikuwa wamenyang'anywa wazazi, ukoo na kijiji chao. Hawakuwa na shamba la baba wala kitu kilichowahi kushikwa na mama zao. Mapadre na masista waliwafundisha sala na kazi za mikono, wakawa kwao badala ya jamaa. Lakini mnyororo ule unaomfunga mtoto na wazee wake ulikuwa umekwisha katwa. Padre Le Roy aliishi kati ya watu hao kwa miaka kadhaa kabla hajauona mlima wetu.

Mwaka 1890 Askofu Raoul de Courmont alifunga safari kutoka pwani hadi Kilimanjaro, akifuatana na Padre Le Roy na Padre Auguste Gommenginger. Huko Kilema walipokewa na Mangi Fumba, na mahali hapo pakachaguliwa pawe na misioni. Mwaka uliofuata, 1891, misioni ya Kilema ilianzishwa, Padre Gommenginger akiwa mwanzilishi wake. Kibosho ikafuata mwaka 1893, na Rombo mwaka 1898. Le Roy aliandika kitabu kizima juu ya safari ile, akakipamba kwa michoro ya mkono wake mwenyewe.

Hapa mlimani hali ilikuwa nyingine kabisa. Mbegu ya Injili iliwakuta watu walio majumbani mwao. Kila mwenye mji alikuwa na kihamba alichoachiwa na wazee, chenye migomba, na mpaka wake umepandwa masale. Na jani lile lile la masale ndilo lililopelekwa kwa ndugu aliyekosewa ili kuomba msamaha. Watoto walifundishwa kumtaja Ruwa kabla ya padre yeyote kukanyaga Kilema. Wakristo hawakulitupa jina hilo; waliposali kwa Kichagga waliendelea kumwita Mungu kwa jina ambalo babu zao walilijua. Kwa hiyo imani mpya ilipata njia iliyokwisha tengenezwa, yaani njia ya baba kumwambia mwana na mama kumwambia binti.

Le Roy mwenyewe hakukaa kuyaona matunda. Mwaka 1892 aliwekwa kuwa askofu, akatumwa Gabon. Mwaka 1896 akachaguliwa kuwa Mkuu wa Shirika lote, kazi aliyoifanya hadi mwaka 1926. Lakini mambo aliyoyaona Afrika hakuyasahau. Siku zile wataalamu wengi wa Ulaya walidai kwamba Mwafrika hamjui Mungu, ila huabudu miti na mawe. Mwaka 1909 Le Roy alitoa kitabu cha kuwapinga, akionyesha kwamba watu hao wanamjua Muumba, wana sala na maagizo ya mema na mabaya, na kwamba jamaa ndiyo shina la maisha yao. Mwaka 1921 alishiriki kuanzisha shirika la Masista Wamisionari wa Roho Mtakatifu. Alifariki Paris mwaka 1938, mwenye miaka 84.

Urithi mwingine wa nyakati zile ni kahawa. Mapadre wa shirika lake waliipata mbegu katika kisiwa cha Réunion, wakaipanda Bagamoyo, kisha ikapelekwa Kilema kabla karne ya 19 haijaisha. Ikaingia vihambani chini ya kivuli cha migomba, na kwa fedha yake wazazi wengi waliwasomesha watoto. Mkulima ajua kwamba mbuni usiopogolewa huzaa majani matupu, na kwamba mwana asiyeshikishwa panga na baba yake hatajua tawi lipi likatwe.

Imani nayo ilipita katika mikono ya namna hiyo. Mapadre walikuwa wachache mno kuingia kila nyumba. Walimu wa dini na wazazi ndio waliowafundisha watoto ishara ya msalaba. Mwaka 1910 mlima ukapata Vikarieti yake, mwaka 1953 Moshi ikawa jimbo, na mwaka 1960 Askofu Joseph Kilasara akawa Mwafrika wa kwanza kuliongoza. Tangu safari ile ya mwaka 1890 ilikuwa imepita miaka 70, yaani umri wa mzee mmoja.

Basi, umri wa mzee mmoja ulitosha kuijenga kazi hiyo, nao watosha pia kuibomoa. Leo vihamba vingi vina nyumba nzuri zilizofungwa tangu Januari hadi Desemba, na wajukuu wanaokulia Dar es Salaam huja wakati wa Noeli, wakala, wakapiga picha, wakarudi. Rozari ya bibi huiona ukutani kama pambo. Watoto wa Bagamoyo walikatwa na wazee wao kwa nguvu za wafanyabiashara ya watumwa. Itakuwa aibu kubwa ikiwa watoto wetu watakatwa na wazee wao kwa uvivu wetu.

Enyi wazazi, Noeli ijayo msiwaache watoto waondoke mikono mitupu. Itoeni rozari ile ukutani. Waambieni jina la aliyeitumia, wapelekeni kaburini pake kihambani, salini nao fungu moja kwa lugha aliyosali yeye. Kisha mchagueni mmoja wao atakayeitunza, naye aijue kazi aliyopewa.