Bwana Livingstone Katika Kabambare

Ninyi mnaosoma shule huku Lusangi mmesikia habari za Kabambare tangu utoto. Mwezi wa Julai mwaka 1870 Mzungu mmoja alirudi kijijini pale akichechemea, miguu yake yote miwili imejaa vidonda. Jina lake David Livingstone. Alizaliwa Scotland mwaka 1813, na alipokuwa na miaka 10 tu alianza kazi katika kiwanda cha pamba. Baadaye akawa mganga na misionari wa Kiprotestanti. Watu wengi husimulia sifa zake tu. Lakini alipofika nchi yetu jina lake lilikuwa limekwisha kuharibika katika kazi, na kosa lilikuwa lake mwenyewe.

Sikilizeni ilivyokuwa. Tangu mwaka 1854 hata 1856 alivuka Afrika kutoka Luanda mpaka Quelimane, akifuata mto Zambezi. Lakini kabla ya kufika Tete aliuacha mto, akashika njia ya mkato. Mahali pale palikuwa na maporomoko ya maji, ndiyo Cahora Bassa. Alisikia habari zake, akadhani ni madogo, hakwenda kuyatazama. Basi alipofika Uingereza aliwaambia wakubwa kwamba mashua za moshi zaweza kupanda Zambezi mpaka ndani ya nchi. Nao wakamsadiki, nani angalibishana na mtu aliyetoka huko? Serikali ikampa fedha, wasaidizi na mashua.

Mwezi wa Novemba mwaka 1858 akayaona maporomoko kwa macho yake. Maji yalishuka kwa kishindo katikati ya magenge marefu, mwendo wa kilomita nyingi. Hapakuwa na mashua ya kupita. Hata hivyo hakukubali upesi. Alisema mashua yenye nguvu zaidi itapita mto ukijaa. Akagombana na wenzake, akamfukuza Thomas Baines, fundi wa kuchora picha, kwa shitaka la wizi lisilokuwa na ushahidi wa kutosha. Hilo nalo lilikuwa baya, pengine baya kuliko la kwanza. Wamisionari waliokuja kwa kuyaamini maneno yake, wengine walikufa kwa homa. Mke wake Mary akafa Shupanga mwaka 1862. Mwaka uliofuata serikali ikamwita arudi, na magazeti ya London yakamlaumu.

Mwaka 1866 akaja tena Afrika, bila mashua, bila Mzungu mwenzake, na fedha haba. Alitaka kutafuta chanzo cha mto Nili. Mwaka 1869 akaingia Maniema. Alidhani Lualaba ndiyo Nili, lakini moyoni aliogopa: huenda ni Kongo. Kwa hiyo alitaka kuifuata Lualaba mwenyewe, aone maji yaendako.

Haikuwa rahisi. Wapagazi walimkimbia, wakabaki watatu tu: Susi, Chuma na Gardner. Vidonda vikamlaza ndani ya nyumba siku 80. Dawa iliyomfaa ilikuwa jiwe la shaba la rangi ya kijani, lililosagwa na maji na kupakwa kwa unyoya. Alingoja miezi mingi watu na vitu kutoka Unguja. Katika muda wake wa Maniema aliisoma Biblia yote mara nne. Karatasi zilipokwisha, aliandika juu ya magazeti ya zamani, na wino wake ulikuwa maji ya matunda ya mwitu. Tena chakula na ulinzi alivipata kwa wafanya biashara, wengine wao ndio waliouza watu. Alichukia kazi yao, akala kwao. Hakuwa na njia nyingine.

Mwezi wa Februari mwaka 1871 akaondoka Kabambare, na mwisho wa Machi akafika Nyangwe. Pale aliomba mtumbwi zaidi ya miezi mitatu, wenyewe wakamnyima. Basi alikaa akihudhuria soko, akiwatazama wanawake wakileta samaki, chumvi, kuku na vyungu.

Siku ya 15 Julai 1871 watu wa mfanya biashara Dugumbe walipiga bunduki katikati ya soko lile. Wanawake wakakimbilia mtoni, mitumbwi ikazama, wengi wakafa maji. Wafanya biashara wenyewe walihesabu waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliona yote. Akaandika, akarudi Ujiji, na huko Stanley akamkuta, akazichukua barua zake mpaka Uingereza mwaka 1872. Mara hii aliandika jambo aliloliona kwa macho, na neno lake likasadikiwa. Barua zile zilisaidia sana kuisukuma serikali ya Uingereza imbane Sultani wa Unguja. Soko la watumwa la Unguja likafungwa mwezi wa Juni mwaka 1873.

Yeye hakupata habari hiyo. Alikufa tarehe 1 Mei mwaka ule ule, katika kijiji cha Chitambo, kusini ya ziwa Bangweulu, akali anatafuta chanzo cha Nili. Susi, Chuma na wenzao waliikausha maiti, na Jacob Wainwright akaandika orodha ya vitu vyake. Wakaichukua mpaka Bagamoyo, na Mapadri wa Roho Mtakatifu wakaipokea katika misioni yao, Februari 1874.

Njiani, karibu na Tabora, walikutana na Mwingereza Cameron. Huyo alichukua vyombo vya kupimia vya Livingstone, akaenda Nyangwe mwaka 1874. Akapima, akaona Lualaba pale ni chini kuliko Nili ya Gondokoro. Basi haiwezi kuwa Nili. Akaomba mtumbwi aufuate mto. Naye pia wakamnyima. Stanley ndiye aliyeshuka nao kutoka Nyangwe mwaka 1876, akatokea Boma mwezi wa Agosti mwaka 1877.