Hermann Lehmann: daktari aliyefuatilia selimundu Uganda

Huku kwetu Terrat na pande za Mlima Meru wapo wanaosema selimundu ni ugonjwa wa watu wa Pwani na wa Kanda ya Ziwa. Leo tunawaletea maisha ya Hermann Lehmann, daktari ambaye kazi yake inatuonyesha kwa nini usemi huo ni wa hatari.

Lehmann alizaliwa mwaka 1910 mjini Halle, Ujerumani. Alisomea udaktari, lakini kwa kuwa alikuwa na asili ya Kiyahudi, utawala wa Hitler ulimfungia milango. Shahada yake aliipata Basel, nchini Uswisi, mwaka 1934. Miaka miwili baadaye akahamia Cambridge, Uingereza. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa daktari katika jeshi la Uingereza.

Mwaka 1947 alifika Makerere, Uganda, akakaa hadi 1949. Akiwa na mwenzake Alan Raper, alipima damu ya maelfu ya watu wa makabila mbalimbali. Kipimo chenyewe ni rahisi kueleza. Tone la damu huwekwa kwenye kioo na kunyimwa hewa ya oksijeni. Kama mtu amerithi selimundu, chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo, hujikunja kama mundu wa kukatia majani.

Walichokikuta kiliwashangaza. Bwamba, magharibi mwa Uganda, karibu watu 45 katika kila 100 walikuwa wamebeba selimundu, lakini katika baadhi ya jamii za wafugaji walikuwa wachache sana. Lehmann na Raper walidhani sababu ni asili ya makabila hayo na njia walizopita kuhama.

Jibu lilikuwa mbu. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtu aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo wabebaji ni wengi palipo na malaria nyingi, na ni wachache kwenye baridi ya milimani na nyika kavu.

Lehmann alirudi Uingereza na kuendelea na utafiti wa damu. Mwaka 1952 yeye na wenzake walitangaza kuwa selimundu ipo pia kwa watu wa milima ya Nilgiri, kusini mwa India. Alichunguza vilevile kimeng'enya kilichomo katika damu ambacho huvunja dawa ya kulegeza misuli wakati wa upasuaji. Watu wachache huzaliwa na kimeng'enya kisichofanya kazi vizuri. Dawa inayopaswa kuisha kwa dakika chache hukaa mwilini kwa muda mrefu, na mgonjwa hawezi kupumua bila kusaidiwa. Mwaka 1956 Lehmann na mwenzake walionyesha kuwa hali hiyo hutembea katika ukoo. Kwa hiyo kama ndugu yako aliwahi kuchelewa kuanza kupumua baada ya upasuaji, mwambie daktari kabla hujafanyiwa wewe.

Alikuwa profesa Cambridge hadi alipostaafu, akafariki mwaka 1985.

Sasa turudi nyumbani. Wazee wetu waliishi mahali pa baridi au pakavu, wakaoana wao kwa wao. Siku hizi vijana wetu wanakutana na wenzao wa mikoa yote Arusha mjini, sokoni, vyuoni na migodini, na wanaoana. Mbebaji huonekana mzima kabisa, halimi kidogo wala hachungi kidogo kuliko wengine. Lakini wabebaji wawili wakioana, kwa kila mimba kuna uwezekano wa mara moja kati ya nne kwamba mtoto atazaliwa mgonjwa.

Mtoto wa namna hiyo huvimba vidole vya mikono na miguu, hulia kwa maumivu ya mifupa, macho huwa ya njano, na huishiwa damu mara kwa mara. Hajarogwa. Mama yake pia asilaumiwe peke yake, kwa sababu ugonjwa huu huja tu pale baba na mama wote wawili wameurithisha.

Kwa hiyo wachumba, ulizeni kipimo cha selimundu hospitalini kabla ya ndoa. Na mzazi mwenye mtoto mwenye dalili hizi ampeleke mapema, maana dawa na kliniki zipo, na anayetunzwa vizuri hukua, husoma na kufanya kazi.