Tagore: Malenga aliyewaudhi wenyeji wake

NI nadra mgeni kupokewa kwa shangwe na kuagwa kwa ubaridi kama alivyofanyiwa Rabindranath Tagore nchini Japani mwaka wa 1916.

Malenga huyo, aliyezaliwa Calcutta, India, mnamo Mei 7, 1861, alikuwa Mwasia wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, mwaka wa 1913. Wajapani, ambao miaka minane kabla ya tuzo hiyo walikuwa wameishinda Urusi vitani, walimwona kuwa fahari ya bara zima. Walitarajia awasifu.

Naam, aliwasifu. Katika mihadhara yake kwenye Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo mwezi Juni, na kile cha Keio mwezi uliofuata, alisifu sanaa yao na jinsi walivyopenda uzuri hata katika mambo madogo ya nyumbani. Kisha akageuza mkondo. Kujifunza elimu ya Ulaya, alieleza, hakukuwa na ubaya. Hatari ilikuwa kuiga uchu wa mataifa ya huko wa kuwatawala wengine. Ikumbukwe kwamba Japani ilikuwa imeitwaa Korea mwaka wa 1910, na mwaka wa 1915 ikaibana China kwa madai mazito. Waliomsikiliza walijua alikokuwa akilenga.

Magazeti yakamgeukia, yakimkejeli kuwa malenga wa taifa lililoshindwa. Kejeli hiyo ilikuwa na makali yake, maadamu India ilikuwa chini ya Uingereza. Lakini Tagore hakuyameza maneno yake. Alivuka bahari hadi Marekani, akayarudia huko katika ziara ya mihadhara ya kulipwa iliyokusudiwa kuichangia shule yake, na mwaka wa 1917 yakachapishwa kitabu.

Nchini China, mwaka wa 1924, mambo yalikuwa kinyume kabisa. Huko vijana wenye siasa kali walimsambazia vikaratasi vya kumpinga, wakidai kwamba sifa zake kwa hekima ya kale ya Asia zingewarudisha nyuma wakati walipohitaji sayansi na nguvu. Mtu huyohuyo, Tokyo alionekana mpinga taifa, Beijing akaonekana mpinga maendeleo! Kwa maoni yetu, vijana wale walikuwa na hoja kuliko magazeti ya Japani, kwani njaa na uvamizi havifukuzwi kwa hekima pekee.

Shule aliyoichangia ilikuwa Santiniketan, mashambani Bengal, aliyoianzisha mwaka wa 1901 na ambako masomo yalifanyika chini ya miti. Mwaka wa 1921 ilizaa chuo kikuu cha Visva-Bharati, na Mfaransa Sylvain Lévi, bingwa wa tamaduni za Asia, akawa mhadhiri mgeni wa mwanzo. Mwaka wa 1937 kilifunguliwa humo kitengo cha masomo ya Kichina, chini ya Tan Yun-shan. Miezi michache baadaye majeshi ya Japani yalianza kuiteka miji ya China, na mwaka wa 1938 Tagore, akiwa mzee mgonjwa, akabishana kwa barua na rafikiye wa Kijapani, mshairi Yone Noguchi, aliyevitetea vita hivyo. Urafiki wao ukavunjika.

Mnamo Agosti 7, 1940, Chuo Kikuu cha Oxford kilituma wajumbe hadi Santiniketan kumtunuku shahada ya udaktari wa heshima. Alifariki Calcutta mwaka mmoja baadaye, tarehe iyo hiyo.