Walter Kaaden, fundi aliyetumia moshi kuongeza nguvu ya moteri

Mutu mwenye kupita mu barabara ya Beni kwenda Mambasa, ao mwenye kuishi karibu na pori la Tshopo, anajua ile sauti. Tronsonezi inalia kule ndani, muti unaanguka, mbao zinapasuliwa palepale, kiisha vijana wanazibeba ku kichwa mupaka ku barabara. Na mafundi wa moteri mu miji yetu wanajua ombi la wapasua mbao: mashini inakata polepole, fundi aiongezee nguvu. Basi fundi anafungua eshapema, ile bomba ya kutosha moshi, anaipanua tundu. Anakamata tupa, anakwangua mulango wa silindre. Anatosha karatasi ya chini ya silindre ili mukandamizo upande. Mashini inarudi porini inalia kama simba. Mara ingine inafanya kazi muzuri miezi na miezi. Mara ingine, kiisha siku tatu, pistoni inashikamana na silindre, na pesa ya mwenye mashini inakwisha pale.

Kazi ya namna ile haikuanzia kwetu. Mutu aliyeielewa kupita wengine, kwa hesabu na kwa vipimo, hapana kwa kubahatisha, alikuwa Mujerumani mumoja, jina lake Walter Kaaden. Hakutengeneza hata tronsonezi moja, alitengeneza pikipiki za mashindano. Lakini moteri ni za jamaa moja: moteri ya mapigo mawili, ile ya kuchanganya esansi na mafuta, ile inayowaka kila mara shafti inazunguka muzunguko mumoja.

Kaaden alizaliwa tarehe 1 mwezi wa 9 mwaka wa 1919, mu kijiji cha Pobershau, mu milima ya Saxony, upande wa mashariki wa Ujerumani. Baba yake alikuwa shofere wa mukubwa mumoja wa kampuni ya DKW, yenye kiwanda mu muji wa Zschopau. Miaka ile DKW ilikuwa kati ya viwanda vikubwa kabisa vya pikipiki mu dunia, na pikipiki zake zilikuwa za mapigo mawili. Mutoto wa shofere alikomaa ndani ya harufu ya ile mafuta. Alipokaribia miaka 8, mu 1927, alienda kuona ufunguzi wa kiwanja cha mashindano cha Nürburgring, na tangu siku ile mashindano haikumutoka mu kichwa. Kiisha alisomea ufundi mu muji wa Chemnitz.

Hapa tusipite haraka, kama vile wengi wanaomusifu wanavyopita. Mu 1940, vita ikiwa imewaka, Kaaden aliingia mu kampuni ya ndege ya Henschel, chini ya profesa Herbert Wagner. Kazi yao ilikuwa bomu ya Hs 293, bomu yenye mabawa na roketi, iliyoongozwa kwa redio kutoka ndege mupaka ku meli ya adui. Kaaden alifanya kazi ile pia kule Peenemünde, ku pwani ya bahari ya Baltiki. Watu wengi wanasema alitengeneza roketi kubwa za V-1 na V-2, sababu habari ile inapendeza. Hapana, kikundi chake kilikuwa cha Hs 293. Na ile haikuwa kitu kidogo: mu mwezi wa 11 mwaka wa 1943, bomu moja ya namna ile ilizamisha meli Rohna mu bahari ya Mediteranea, na askari Waamerika zaidi ya 1,000 wakakufa. Akili ileile iliyofurahisha watu mu viwanja vya mashindano ilipitia kwanza pale. Kwa maoni yetu, anayesimulia maisha yake na kuruka ile miaka anasimulia nusu.

Vita ilipoisha, Waamerika walimushika kwa muda. Walipomuachilia alirudi Zschopau, na munajua alifanya kazi gani? Kazi ya mbao. Miji ya Ujerumani ilikuwa imebomoka, nyumba hazina mapaa, na Kaaden alifungua biashara ndogo ya kutengeneza mbao za kushikilia paa. Mashariki ya Ujerumani ilikuwa mikononi mwa Warusi, na mashini nyingi za kiwanda cha DKW zilitoshwa na kupelekwa kwao kama malipo ya vita. Jioni, kiisha kazi ya mbao, Kaaden alikuwa anafungua pikipiki yake mwenyewe, DKW RT 125, na kuitengeneza kwa mashindano.

Ile RT 125 inastahili neno moja. Kiisha vita, mataifa mengi yaliiga ramani yake: Waingereza, Waamerika, Warusi. Pikipiki ya kwanza kabisa ya Yamaha, YA-1 ya 1955, ilikuwa mwiga wake. Wazee wetu wanaokumbuka Yamaha AG 100 za misioni na za mashirika, zile za moshi wa bluu, basi walimuona mujukuu wa pikipiki ya Zschopau bila kujua.

Mu 1953, kiwanda kilichobaki Zschopau, kilichoitwa IFA na baadaye MZ, kilimuita Kaaden aongoze kazi ya mashindano. Vyombo vilikuwa vichache na pesa ilikuwa kidogo kabisa. Washindani wake walikuwa Waitalia, na baadaye Honda ya Japani, wenye pesa na moteri za mapigo mane. Wakati ule wajuzi wengi walihesabu moteri ya mapigo mawili kuwa ya pikipiki ya masikini: nyepesi, rahisi, lakini inakula esansi bure.

Na walikuwa na sababu. Moteri hii haina valvu kule juu. Iko na milango mu ukuta wa silindre, na pistoni yenyewe njo inayofungua na kufunga ikipanda na kushuka. Moshi unatoka kwa mulango mumoja, na esansi mupya inaingia kwa milango mingine, karibu saa moja. Kwa hiyo sehemu ya esansi mupya inafuata moshi inje hata mbele ya kuwaka. Unalipa esansi, inapotea hewani.

Kaaden aliona kwamba ule mwizi anaweza kukamatwa mu njia. Mulango wa moshi ukifunguka, mushindo unatoka kwa nguvu na kukimbia ndani ya bomba, kama sauti inavyokimbia. Mushindo ukifika mahali bomba inapanuka, kitu kinarudi nyuma: mvuto. Ule mvuto unasaidia kufyonza moshi uliobaki na kuvuta esansi mupya iingie. Kiisha mushindo unafika mahali bomba inafinyika tena, na pale unagonga na kurudi kama ukuta wa hewa. Ukirudi ku wakati wake, unakuta ile esansi iliyotaka kukimbia na kuisukuma irudi ndani ya silindre, kabla pistoni haijafunga mulango. Njo maana eshapema ya pikipiki ya mashindano iko na tumbo kubwa katikati, kama nyoka aliyemeza kuku.

Shida yote iko mu neno wakati. Moteri ikizunguka mara 10,000 kwa dakika, muzunguko mumoja unachukua sehemu 6 za sekunde iliyokatwa mara 1,000. Bomba ikizidi kidogo ku urefu, mushindo unachelewa, na kazi yote inaharibika. Wengine kabla yake walikuwa wamejaribu eshapema za namna ile. Kaaden alileta oskiloskopi, chombo cha kuonyesha mitikisiko juu ya kioo, akaanza kuona kile ambacho wenzake walisikia tu kwa masikio. Hakufanya kila kitu peke yake: valvu ya sahani ya kuingizia esansi ilitoka kwa fundi Daniel Zimmermann. Kaaden aliiunganisha na eshapema yake, na akaongeza mulango wa tatu wa kupitisha esansi, uliosaidia pia kupoza pistoni.

Tuhesabu. Mu 1954 moteri yake ya cc 125 ilitoa nguvu ya farasi karibu 13. Mu 1961 ilitoa 25, ikizunguka mara 10,800 kwa dakika. Ni sawa na farasi 200 kwa kila litre moja ya moteri, na hakuna moteri ya kuvuta hewa yenyewe, bila kusukumiwa, iliyokuwa imefika pale. Tronsonezi kubwa ya cc 90 inatoa farasi 7 hivi. Kwa kipimo cha Kaaden ingetoa 18! Lakini musikimbilie garaje. Moteri yake ilikuwa na nguvu ndani ya mizunguko michache tu, chini ya pale inalala. Mupasua mbao anahitaji mashini isiyolala mnyororo ukiingia ndani ya muti mugumu. Tena moteri ya Kaaden ilikuwa ya kumaliza shindano moja, kiisha inafunguliwa na kuangaliwa. Ya porini inafanya kazi kutoka asubuhi mupaka jioni. Na anayefungua tundu la eshapema bila kurekebisha karburatere aongeze esansi, anaunguza pistoni, juu mu moteri hii esansi njo inabeba mafuta ya kulainisha na ubaridi.

Turudi ku 1961, mwaka uliomuvunja. Mukimbizaji wake mukubwa, Ernst Degner, alikuwa anaongoza mashindano ya dunia ya cc 125. Tarehe 13 mwezi wa 8, serikali ya Ujerumani ya Mashariki ilianza kujenga ukuta wa Berlin. Mu mwezi wa 9, kule Kristianstad inchini Sweden, moteri ya Degner ilikufa ndani ya shindano. Degner hakurudi nyumbani. Alikimbilia upande wa Magharibi, na siku zilezile bibi yake na watoto wao wawili walivushwa mupaka kwa siri, wakiwa wamefichwa ndani ya gari. Ubingwa ukaenda kwa Tom Phillis wa Honda.

Degner alikuwa amepatana na Suzuki. Alifika Japani na kila kitu alichojua: eshapema, sahani, vipimo. Mu 1962 akawa bingwa wa dunia wa cc 50 juu ya Suzuki, ubingwa wa kwanza wa dunia wa moteri ya mapigo mawili mu mashindano yale. Mutu anaweza kumuita mwizi. Mwingine atauliza: baba mwenye watoto, ukuta unapanda, alikuwa na kitu gani kingine cha kuuza? Sisi tunaona maneno yote mawili ni ya kweli, na hasara yote ilibaki ku Zschopau.

Kaaden alibaki na MZ. Mu 1963 Mwingereza Mike Hailwood alishinda shindano la cc 250 kule Sachsenring juu ya pikipiki yake, mbele ya watu wa kwao. Kwa jumla MZ ilishinda mashindano makubwa 13, lakini ubingwa wa dunia haikupata hata mara moja. Kampuni za Japani, zenye pesa, zilikamata njia yake na kuenda mbali nayo. Tangu 1975, Giacomo Agostini aliposhinda juu ya Yamaha, ubingwa wa cc 500 ulibaki wa mapigo mawili mupaka 2001.

Walter Kaaden alikufa tarehe 3 mwezi wa 3 mwaka wa 1996, akiwa na miaka 76. Mwaka ule, kila pikipiki iliyokimbia mu mashindano ya dunia ya cc 500 ilikuwa na eshapema yenye tumbo, na juu ya tangi iliandikwa majina ya Wajapani na Waitalia.