Siti, Mwana wa Mfinyanzi

Ndugu mfanyakazi, usimpime mtu kwa nasaba yake. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika ukoo wa watumwa. Hata jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Alichuuza vyungu alivyofinyanga mama yake, akivinadi njiani. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafunzwa kuimba, na sauti ile iliyouza vyungu ikaingia majumba ya wakubwa. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay, wakaimba kwa Kiswahili katika sahani za santuri zilizoenea Afrika Mashariki.

Lakini utukufu haukumsahaulisha wanyonge. Katika wimbo wa Kijiti aliilaumu hukumu iliyowaadhibu wanawake waliotoa ushahidi, hali muuaji amekwisha kimbia.

Alifariki mwaka 1950. Wasifu wake uliandikwa na Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga, mkoa wenye mashamba ya mkonge ya Mazinde. Basi mkata mkonge wa Mazinde ausomapo, na ajue kwamba urithi huo ni wake pia: kazi ya mikono si aibu, na sauti ya mnyonge ni ngao yake.