Marehemu Ronald Ngala, Mkuu wa Upinzani

Wengi wetu tumepita katika barabara ya Ronald Ngala mjini Nairobi, lakini ni wachache wajuao habari za mtu huyo. Yafaa tuzijue, kwani marehemu alikuwa mwalimu kabla ya kuwa kiongozi, naye ndiye aliyeongoza upinzani katika Bunge Kenya ilipopata uhuru.

Ronald Gideon Ngala alizaliwa mwaka 1923 katika nchi ya Wagiriama, Kilifi. Alisoma Alliance High School, kisha Makerere huko Uganda, alikojifunza ualimu. Aliporudi Pwani alifundisha, hata akawa mwalimu mkuu wa shule ya Buxton, Mombasa. Mwaka 1949 kilichapishwa kitabu chake cha Kiswahili, Nchi na Desturi za Wagiriama.

Mwaka 1957, Waafrika wa Kenya walipopiga kura mara ya kwanza kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, yeye alikuwa mmoja wa wanane waliochaguliwa. Mwaka 1960 vikazaliwa vyama viwili vikubwa, KANU na KADU. KADU, aliyoiongoza Bwana Ngala, ilikuwa kimbilio la makabila madogo yaliyoogopa kumezwa na makubwa baada ya uhuru. Ndiyo sababu alitetea majimbo, yaani kila sehemu ya nchi iwe na baraza lake na sauti juu ya ardhi yake.

Katika uchaguzi wa mwaka 1961 KANU ilipata viti 19 na KADU 11, lakini KANU ilikataa kushika serikali mpaka Bwana Jomo Kenyatta afunguliwe. Bwana Ngala akakubali kuishika, na kwa ajili hiyo alilaumiwa sana. Mwaka 1962, katika mkutano wa katiba huko London, alishikilia neno lake hata majimbo yakakubaliwa, pamoja na Seneti.

Mwezi wa Mei 1963 KANU ilishinda, na Bwana Ngala akawa mkuu wa upinzani. Kazi hiyo ilikuwa nzito. Wabunge wake walimhama mmoja mmoja wakaenda upande wa serikali, na serikali yenyewe haikuyataka majimbo. Basi tarehe 10 Novemba 1964 alisimama Bungeni akatangaza kuwa KADU imevunjwa, naye na wenzake wakajiunga na KANU. Mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri.

Watu hubishana juu ya siku ile mpaka leo. Wako wasemao kuwa aliwaacha wanyonge waliomtegemea. Wengine husema kuwa aliuweka umoja wa nchi changa mbele ya cheo chake. Kila upande una haki yake, lakini Bunge lisilo na upinzani ni kama mzani wenye sahani moja.

Baadaye alikuwa waziri, na tarehe 25 Desemba 1972 alifariki kutokana na ajali ya motokaa, hajatimiza miaka hamsini. Katiba ya mwaka 2010 iliunda kaunti 47 na kurudisha Seneti. Si majimbo yale yale, lakini hofu iliyomfanya mwalimu yule asimame imepata jibu. Tujifunze kwake kuwa anayeshindwa kwa kura hakushindwa kwa hoja.