Nicholas Culpeper na Majina ya Mimea ya Dawa

Siku moja nilitafuta neno "feverfew" katika kamusi ya Kiingereza. Nilidhani maana yake ni homa chache. Kumbe sivyo! Asili yake ni Kilatini, nayo maana ni kifukuzacho homa. Nikaona pia "lungwort", yaani mmea wa mapafu, kwa kuwa "wort" ni neno la kale la Kiingereza lenye maana ya mmea. Katika kuulizauliza habari za majina hayo nilipata kumjua mtu huyu, nami napenda kuwasimulia wenzangu maisha yake.

Nicholas Culpeper alizaliwa Uingereza mwaka 1616, siku chache baada ya baba yake kufariki. Alilelewa na mama yake na babu yake, aliyekuwa kasisi. Alipelekwa kusoma Cambridge, lakini hakumaliza. Akaenda London kuwa mwanagenzi wa mwuza dawa.

Zamani zile elimu ya dawa ilifungiwa katika Kilatini. Kitabu cha dawa cha Chuo cha Madaktari cha London, kilichotolewa mwaka 1618, kilikuwa Kilatini kitupu. Maskini hakuweza kukisoma, wala hakuwa na fedha za kumlipa daktari. Culpeper, aliyekuwa akitibu maskini huko Spitalfields, aliona jambo hilo si haki. Basi mwaka 1649 akakitafsiri kitabu kile kwa Kiingereza. Madaktari walikasirika mno, naye akatukanwa hadharani. Hakukoma. Mwaka 1652 alitoa kitabu chake mwenyewe juu ya mimea ya Uingereza, kikauzwa kwa peni tatu tu. Mtu aliyejua kusoma aliweza kuitambua dawa iliyoota kando ya njia yake. Kitabu hicho kinachapwa hata leo.

Lakini si yote aliyoyaandika yalikuwa kweli. Aliamini kwamba kila mmea hutawaliwa na nyota fulani. Hata "lungwort" ilipewa jina lake kwa sababu tu majani yake yana madoa kama pafu. Culpeper mwenyewe alipigwa risasi kifuani vitani mwaka 1643, kisha akashikwa na kifua kikuu. Hakuna jani lililomponya. Alikufa Januari 1654, umri wake miaka 37. Katika watoto wake saba, mmoja tu ndiye aliyefikia utu uzima.

Kwetu tuna mwarobaini, ulioitwa hivyo kwa kusadikiwa kutibu maradhi arobaini. Nimejifunza kuwa jina la mmea hutuambia watu walitumaini nini. Kama unaponya kweli, sharti upimwe. Hata hivyo namheshimu Culpeper. Sisi twasoma sayansi kwa Kiingereza. Wale miongoni mwetu watakaokuwa madaktari wasisahau kumweleza mgonjwa habari ya ugonjwa wake kwa lugha aijuayo.